Kosa bila lawama, dhima bila kosa

Ninapofundisha sheria ya madhara, yaani ile inayoamua nani amlipe fidia aliyeumizwa au kuharibiwa mali, neno linalowatatiza wanafunzi kuliko yote ni "kosa". Wanalisikia kama dhambi: fulani alizembea, ni mtu mbaya, basi alipe. Kwa hiyo mimi huanza na kesi ya Nettleship dhidi ya Weston, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 1971.

Mama mmoja alikuwa akijifunza kuendesha gari. Rafiki alikubali kumfundisha, ila kwanza alihakikisha kwamba bima ingemlinda. Katika somo la tatu mama alikata kona, akashindwa kunyoosha usukani, gari likagonga nguzo ya taa na goti la mwalimu likavunjika. Alikuwa amejitahidi kwa uwezo wake wote. Hata hivyo mahakama ilimpima kwa kipimo cha dereva mzoefu, ikamwona mzembe. Fidia ilipunguzwa nusu, kwa kuwa mwalimu naye alishiriki kuliongoza gari lile.

Wengi huona uonevu hapo. Mimi sioni. Kipimo hicho hakichunguzi moyo wa mdaiwa. Kinauliza, kati ya hawa wawili, nani aibebe hasara? Kila mtu akipimwa kwa uwezo wake mwenyewe, haki yangu itategemea bahati ya nani aliyenigonga. Utetezi wa "nilijitahidi" ulikwisha kukataliwa tangu 1837, katika kesi ya Vaughan dhidi ya Menlove, iliyohusu rundo la majani makavu lililoshika moto na kuunguza nyumba za jirani.

Kinachoninyima usingizi ni upande wa pili: dhima bila kosa, yaani kuwajibika kulipa hata bila uzembe. Mwaka 1905 huko Duluth, Minnesota, dhoruba iliikuta meli Reynolds ikiwa gatini. Mabaharia waliishikilia hapo, kila kamba ilipokatika wakifunga nyingine. Meli ikapona, gati likaharibika. Mwaka 1910 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilikubali kwamba walitenda kwa busara, na bado ikawaamuru wenye meli walipe dola 500. Waliokoa mali yao kwa kuitumia ya mwenzao, na naona ni haki wagharimie.

Lakini mahakama hiyohiyo ilisema kwamba iwapo dhoruba ingeitupa gatini meli iliyokwisha kushindwa kujiongoza, mwenye gati asingepata kitu. Hasara ni ileile, upepo ni uleule. Kilichobadilika ni zile kamba zilizofungwa upya kwa makusudi.