RAM, mifumo ya majaribio na kompyuta kuukuu: yanayosemwa na yaliyo kweli

"RAM ikizidi haina madhara"

Naanza na hii kwa sababu ndiyo inayowapotezea watu muda mwingi zaidi. Mtu anapata kompyuta ya mwishoni mwa miaka ya 1990, anaijaza RAM (kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta hufanyia kazi) yote inayoingia, kisha anasakinisha toleo la majaribio la Windows 98 au Windows Me. Mfumo unagoma kuwaka, na skrini inamwambia kumbukumbu haitoshi. Haitoshi vipi, na gigabaiti nzima imo ndani?

Ujumbe unapotosha, ila chanzo chake kinajulikana vizuri. Mifumo ya ukoo wa Windows 95, 98 na Me ina sehemu iitwayo VCache, ambayo huweka ndani ya RAM nakala za data zinazosomwa kutoka kwenye diski. VCache hujipangia ukubwa kwa kutazama RAM iliyopo. RAM ikipita takriban megabaiti 512, inaweza kujitwalia anwani (namba za kuonyesha mahali ndani ya kumbukumbu) nyingi mno kiasi kwamba kiini cha mfumo kinakosa za kutumia. Kilichoisha hapo ni anwani, wala si RAM. Matoleo yaliyokamilika nayo yalikuwa na tatizo hilohilo, kwa hiyo tusiyatwike lawama matoleo ya majaribio peke yake.

Dawa iko kwenye faili la mipangilio liitwalo system.ini. Chini ya sehemu ya vcache unaandika MaxFileCache=524288, namba inayohesabiwa kwa kilobaiti, yaani megabaiti 512, au unaweka namba ndogo zaidi. Hilo lisiposaidia, chini ya sehemu ya 386Enh unaandika MaxPhysPage=20000. Namba hii ni ya heksadesimali, yaani ya msingi wa 16: kurasa (vipande vya kumbukumbu) 131,072 za kilobaiti 4 kila moja, ambazo zinarudi palepale kwenye megabaiti 512. Njia ya pili inaifanya Windows isiiguse kabisa RAM iliyozidi.

Kuna dhara jingine ambalo halileti ujumbe wowote, na kwangu ndilo baya zaidi. Bodi mama nyingi za enzi ya Pentium zilitumia chipseti (chipu zinazounganisha kichakataji, RAM na vifaa) ya Intel 430TX ya mwaka 1997. Chipseti hiyo hukubali hadi megabaiti 256 za RAM, lakini kashe yake ya ngazi ya pili (kumbukumbu ndogo yenye kasi kubwa) huhudumia megabaiti 64 za kwanza tu. Zinazozidi hapo hufanya kazi bila kashe. Windows za ukoo ule zina tabia ya kuanza kutumia RAM kutoka juu kushuka chini, yaani zinaanzia kwenye eneo lisilo na kashe. Mtu anaongeza RAM, mashine inapungua kasi, naye analaumu toleo la majaribio. Kwenye bodi ya namna hiyo, megabaiti 64 ni bora kuliko 128 kwa kazi nyingi.

"Toleo la majaribio hula RAM nyingi, likikamilika litapungua"

Nusu kweli. Microsoft iliwahi kutengeneza matoleo maalumu ya wasanidi yenye msimbo wa ziada wa kukagua makosa, na hayo kweli ni mazito na ya polepole. Lakini toleo la majaribio la kawaida halina lazima ya kuwa hivyo. Mac OS X Public Beta ya Septemba 2000 ilidai megabaiti 128. Mac OS X 10.0 ilipotoka Machi 2001 ilidai megabaiti 128 zilezile. Windows 7 ya majaribio ya Januari 2009 ilitaka gigabaiti 1, na toleo kamili la biti 32 la Oktoba mwaka huo likabaki hapohapo.

Kinachochanganywa hapa ni mahitaji na uvujaji. Matoleo ya awali ya Longhorn, yaliyotangulia Windows Vista, yanajulikana sana kwa kuvuja: programu inachukua RAM na hairudishi. Kutofautisha ni rahisi. Washa mashine, usifungue chochote, andika kiasi cha RAM kinachotumika, iache saa kadhaa, kisha angalia tena. Kama kiasi kinapanda bila kazi yoyote kufanyika, huo ni uvujaji, na kijiti kipya cha RAM kitaahirisha tu saa ya kukwama. Usinunue.

"Weka mfumo wa biti 64, utaiona RAM yote"

Biti 32 zinatoa anwani za gigabaiti 4, na sehemu ya anwani hizo hutengwa kwa ajili ya kadi ya michoro na vifaa vingine. Ndiyo maana Windows ya biti 32 kwenye mashine ya gigabaiti 4 mara nyingi huonyesha 3 na ushee. Hadi hapo watu wako sahihi. Wanapoteleza ni kudhani kwamba kikomo hicho huwa cha mfumo siku zote. Chipseti za Intel 945 haziwezi kuihamishia RAM iliyofunikwa na anwani za vifaa hivyo kwenye anwani zilizo juu ya gigabaiti 4, kwa hiyo hata mfumo wa biti 64 hauipati. Hakuna toleo la majaribio litakaloitoa huko.

Kinyume chake pia kipo. Pentium Pro ya mwaka 1995 ilileta PAE, anwani za biti 36 zinazofika gigabaiti 64, lakini Windows za biti 32 za watumiaji wa kawaida zilibaki na kikomo cha gigabaiti 4. Na Windows 7 Starter ilifungwa kwenye gigabaiti 2 kwa uamuzi wa kibiashara, hata kama bodi inaweza zaidi.

"Kiwango cha chini kilichoandikwa kinatosha"

Kinatosha kuwaka. Windows 95 iliandikiwa megabaiti 4, na mwenye 4 alishinda akisikiliza diski ikikwaruza. Anzia 8.

"Mashine ikijizima yenyewe, RAM ni mbovu"

Inawezekana, na Memtest86, programu ya kupima RAM, ikiachwa usiku kucha itakuambia. Ila kwanza tazama tarehe. Matoleo mengi ya majaribio yana siku ya mwisho ndani yake. Windows 7 ya majaribio ilipangiwa kuanza kujizima kila baada ya saa mbili kuanzia tarehe 1 Julai 2009, mwezi mmoja kabla ya kuisha muda wake. Ukiwa na toleo la zamani la namna hiyo, kabla ya kusakinisha rudisha saa ya BIOS (programu ya bodi inayoiwasha mashine) kwenye miezi ambayo toleo lilitolewa, na uchomoe waya wa mtandao ili saa isijirekebishe.