Kodi iliyomo ndani ya bei: dukani na kwenye tumbaku, nani hasa anailipa?

Mtu anayenunua mfuko wa saruji, mche wa sabuni au sigara moja mjini Tabora analipa kodi palepale kaunta, hata kama hajawahi kukanyaga ofisi ya Mamlaka ya Mapato (TRA). Wananchi wengi hawalioni hilo kwa sababu kodi hiyo haidaiwi kando. Imo ndani ya bei. Matokeo yake mnunuzi anajiona hahusiki, na mwenye duka anajiona ndiye anayekamuliwa. Wote wawili wana haki ya kuelezwa hesabu ilivyo.

Tuanze na Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo sote tunaiita VAT. Tanzania Bara ilianza kutozwa Julai 1, 1998, ikachukua nafasi ya ile kodi ya mauzo ya zamani ambayo wazee bado wanaitaja. Kiwango kilianza asilimia 20, na tangu Julai 2009 kiwango cha kawaida ni asilimia 18. Si kila kitu kinatozwa. Mazao ya kilimo ambayo hayajasindikwa, kama mahindi, mpunga na maharage, yana msamaha. Dawa za binadamu, vitabu na mbolea vilevile. Mabati, misumari, sabuni na sigara havimo katika msamaha huo.

Chukua mabati. Mwenye duka aliyesajiliwa VAT ananunua shehena kwa shilingi 2,360,000. Thamani ya mabati yenyewe ni 2,000,000, na VAT ni 360,000. Anaiuza kwa 2,950,000, ambayo ndani yake mna VAT ya 450,000. Anachopeleka TRA si 450,000 yote. Anaondoa 360,000 alizokwisha kumlipa aliyemuuzia, anabaki na 90,000 za kupeleka. Faida yake kabla ya gharama nyingine ni 500,000, na ukipiga asilimia 18 ya hiyo unapata 90,000 hizohizo. Aliyebeba mzigo wote wa 450,000 ni yule anayeezeka nyumba yake kule Ipuli au Isevya, maana baada yake hakuna wa kumrudishia.

Hapa wengi hukosea hesabu: kutafuta VAT iliyomo ndani ya bei hakufanywi kwa kuzidisha bei yote mara asilimia 18. Bei ikiwa 118,000, VAT ni 18,000, si 21,240. Zidisha kwa 18 kisha gawa kwa 118.

Sasa twende kwenye jambo linaloniumiza zaidi kila tunapozungukia maduka, nalo ni bei mbili: bei ya risiti na bei bila risiti. Mteja anaambiwa bati ni 40,000, ila asipotaka risiti atapewa kwa 37,000. Anafurahi, anaondoka. Katika bei ya 40,000 VAT ni kama 6,100. Mteja amepunguziwa 3,000, muuzaji amebaki na 3,100 zilizokuwa za umma, na mteja hana karatasi ya kumsaidia bati likivuja au likidaiwa kuwa la wizi. Mbaya zaidi ni risiti yenye kiasi pungufu: umelipa laki tatu, risiti inasoma elfu thelathini. Mashine za kielektroniki za kutoa risiti (EFD) zilianza kutumika nchini mwaka 2010, na sheria inamtaka muuzaji atoe risiti na mnunuzi aidai. Mnunuzi asiyedai naye anaweza kutozwa faini. Kabla ya kutoka dukani soma jina la duka, tarehe na kiasi. Risiti ina namba ya uhakiki ambayo unaweza kuiingiza kwenye tovuti ya TRA ukaona kama mauzo yako yameandikwa.

Kuna duka ambalo kihalali halitozi VAT, na wananchi waache kulitazama kama la wakwepaji. Tangu Julai 2023 biashara inalazimika kusajiliwa VAT mauzo yake ya mwaka yanapofika shilingi milioni 200. Kabla ya hapo kiwango kilikuwa milioni 100. Duka dogo lililo chini ya kiwango hicho halisajiliwi, na halina ruhusa kabisa ya kumdai mteja VAT. Lakini lenyewe limelipa. Mwenye duka huyu akinunua mabati yaleyale kwa 2,360,000, hana mahali pa kudai zile 360,000. Zinakuwa gharama yake. Akitaka faida ileile ya 500,000 atauza kwa 2,860,000, yaani nafuu ya 90,000 kuliko jirani yake aliyesajiliwa. Malalamiko ya wenye maduka makubwa kwamba wadogo wanawavunjia bei yana ukweli ndani yake. Ila yana upande wa pili: mkandarasi aliyesajiliwa hatamfuata yule mdogo, kwa sababu kwa mkubwa atapata risiti itakayomwezesha kujirudishia VAT yake. Kwa mkandarasi, mabati ya mkubwa yanamgharimu 2,500,000 tu. Kwa hiyo mfanyabiashara anayekaribia milioni 200 asiishie kujiuliza kodi itamla kiasi gani. Ajiulize wateja wake ni akina nani. Akishafikia kiwango, ana siku 30 za kuomba usajili.

Mkoa wetu una tatizo lake ambalo Dar es Salaam hulisikii sana. Maduka ya Urambo, Kaliua na Sikonge yanauza kwa mkopo mpaka masoko ya tumbaku yafunguliwe na wakulima walipwe. VAT haisubiri malipo hayo. Inahesabiwa katika mwezi ambao ankara imetolewa, bidhaa imekabidhiwa au pesa imepokelewa, lolote lililotangulia, na ritani, yaani taarifa ya kodi ya mwezi, inatakiwa kabla tarehe 20 ya mwezi unaofuata haijapita. Mwenye duka aliyekopesha baiskeli na mabati Januari anadaiwa VAT Februari, ilhali mteja wake atalipa Juni. Nimeona biashara nzuri zikiyumba kwa sababu hiyo moja. Ushauri wangu ni kuchukua malipo ya awali yanayotosha angalau kufidia VAT ya bidhaa, na kuiweka fedha hiyo kwenye akaunti yake peke yake isichanganyike na ya kununulia mzigo.

Tumbaku nayo inahitaji utulivu, maana kwetu ni zao na ni bidhaa, na tozo zake hazifanani.

Mkulima anayepeleka mtumba wa tumbaku yake AMCOS, yaani chama cha ushirika cha masoko ya mazao, anakutana na ushuru wa mazao wa halmashauri. Mwaka 2017 ushuru huu kwa mazao ya biashara ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3. Kwa tumbaku ya shilingi milioni 10 halmashauri inapata 300,000. Kisheria anayeulipa ni mnunuzi, si mkulima. Hata hivyo tuwe wakweli: kampuni inayopanga bei inaujua ushuru huo tangu mwanzo, na inauweka katika hesabu zake kabla haijakaa mezani na wakulima.

Sigara ina ushuru wa bidhaa, ambao hukusanywa kiwandani au bandarini, si dukani. Hutozwa kwa kiasi cha shilingi kwa kila sigara elfu moja. Mwaka wa fedha 2017/18, kwa mfano, sigara zisizo na kichungi zenye tumbaku ya ndani zaidi ya asilimia 75 zilitozwa shilingi 12,447, zenye kichungi na tumbaku ya ndani kiwango hichohicho zilitozwa 29,425, nyingine 53,235. Kwa pakiti ya sigara 20 hiyo ni takriban 249, 589 na 1,065. Juu yake VAT inatozwa kwenye thamani ambayo tayari ina ushuru ndani yake, kwa hiyo kila shilingi 100 ya ushuru inazaa shilingi 18 nyingine.

Tofauti hizo za viwango ziliwekwa kukivuta kiwanda kitumie tumbaku ya wakulima wetu, na kwa Tabora hilo lina maana. Kwa afya ya watu lina kasoro: bei ikipanda, mvutaji ana ngazi ya chini ya kushukia badala ya kuacha. Kwa nchi za kipato cha chini na cha kati, tafiti zinazotumiwa na Shirika la Afya Duniani zinaonyesha kuwa bei ya sigara ikipanda kwa asilimia 10 uvutaji hupungua kwa karibu asilimia 5, na vijana ndio wanaoguswa zaidi. Kodi ya sigara inafanya kazi pale tu bei inapopanda kwelikweli. Kiwango kilichoandikwa kwa shilingi kinaliwa na mfumuko wa bei kila mwaka kisipoguswa, na tangu Sheria ya Fedha ya 2023 viwango vya aina hii vinapitiwa kila baada ya miaka mitatu badala ya kila mwaka.

Mvutaji anayenunua moja moja ana hasara nyingine. Mwaka 2017 kiwango cha juu kilipanda kutoka 50,700 hadi 53,235, yaani shilingi mbili na nusu kwa sigara. Ukiongeza VAT, shilingi tatu. Lakini sarafu ndogo inayozunguka madukani ni hamsini. Muuzaji akipandisha kwa hamsini akasema "serikali imeongeza kodi", shilingi 47 kati ya hizo hazikwenda serikalini.

Na mkulima akiambiwa kwamba ushuru wa sigara ukipanda bei yake itaporomoka, aulize tumbaku yake inakwenda wapi. Sehemu kubwa ya tumbaku ya Tanzania inauzwa nje, na ushuru wa sigara zinazovutwa nchini haugusi tumbaku inayosafirishwa. Bei ya Urambo inategemea zaidi soko la dunia, madaraja na mikataba na makampuni.

Kwa wenye maduka, hasa ndugu zetu wa Kigoma wanaopakana na Burundi na Kongo, angalieni pakiti mnazoletewa. Tangu Januari 15, 2019 sigara zinazouzwa nchini zinatakiwa kuwa na stempu ya kodi ya kielektroniki. Pakiti ya bei ya chini isiyo na stempu haijalipiwa ushuru, na ikikamatwa rafuni kwako mzigo unachukuliwa na wewe unashtakiwa, huku aliyekuletea hajulikani alipo. Programu ya simu iitwayo Hakiki Stempu inasoma stempu hiyo. Ihakiki mbele ya mletaji kabla hujamkabidhi pesa, na umdai risiti yake.