Je, wajua kwa nini chuo kikuu cha Marekani kilianza kutengeneza chumvi Haiti?

Sokoni Haiti chumvi hupimwa kwa kopo. Mama mchuuzi amekaa chini, gunia liko wazi mbele yake, na kipimo chake ni kopo la bati ambalo Wahaiti huliita mamit. Chumvi yenyewe ni ya mawe, imetoka kwenye majaruba ya pwani, ina ukijivu fulani, na ukiifikicha vidoleni unahisi mchanga. Hiyo ndiyo inayotiwa kwenye wali na maharage kila siku, kwa mwenye nacho na asiye nacho.

Ukisikia chuo kikuu cha nje kina ushirikiano na vijiji vya nchi maskini, unategemea madarasa yaliyopakwa rangi, wanafunzi wageni wenye fulana za sare, na picha nyingi. Notre Dame, chuo cha Kikatoliki kilichoko jimbo la Indiana, kilikwenda Haiti na kikaishia kwenye kiwanda cha chumvi. Ilikuwaje?

Mpango wao ulianza mwaka 1993, ukiongozwa na Thomas Streit, padre aliyesomea biolojia. Kituo kilikuwa Léogâne, mji wa mashamba ya miwa ulio kama kilomita 30 magharibi mwa Port-au-Prince, kwa kushirikiana na hospitali ya kanisa iitwayo Sainte Croix, Wizara ya Afya ya Haiti na wanasayansi wa CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa. Kilichowakusanya wote hao ni ugonjwa ambao wenyeji huuita gwo pye, yaani mguu mkubwa. Ukishukia kwenye korodani unaitwa maklouklou. Msomaji wa Tanga, Lamu au Mafia hahitaji tafsiri. Ni matende na mabusha, na mnyoo ni yuleyule wa kwetu, Wuchereria bancrofti, anayeaminika kuvuka Atlantiki ndani ya damu ya Waafrika waliopelekwa utumwani.

Mnyoo huyu ana subira ya ajabu. Anaingia kupitia mbu, na kwa Haiti ni Culex, yule mbu wa rangi ya hudhurungi anayezaliana kwenye vyoo vya shimo na mitaro ya maji machafu, anayekulilia sikioni usiku kucha. Minyoo wakubwa hujibanza kwenye mirija ya limfu, mirija inayorudisha maji ya mwilini kwenye damu, na huko wanaweza kuishi miaka mitano hadi saba wakizaa mamilioni ya vijiminyoo. Vijiminyoo hivyo vina tabia moja iliyowasumbua sana wataalamu: mchana hujificha mapafuni, usiku hutoka na kujaa kwenye damu ya pembeni, muda ule hasa ambao Culex yuko kazini. Ukimpima mtu saa nne asubuhi unaweza kumwona msafi kabisa. Kwa hiyo wapimaji walilazimika kupita vijijini kati ya saa nne na saa nane usiku, na taa na vioo vya maabara, wakibisha milango na kuomba watu waliotoka usingizini watoe kidole kichomwe. Jaribu kufikiria wewe mwenyewe ukigongewa hodi ya namna hiyo.

Dawa ipo tangu mwaka 1947. Inaitwa DEC, na kwa kawaida hutolewa pamoja na albendazole, dawa nyingine ya minyoo, kwa mtindo tunaoujua kama kingatiba: kijiji kizima kinameza, mgonjwa na mzima, mara moja kwa mwaka, kwa miaka mitano au zaidi. Léogâne walianza mwaka 2000. Ili mnyoo akose njia, angalau watu 65 katika kila 100 wanatakiwa wameze. Kwa hesabu za mezani hilo ni jambo dogo. Tatizo ni kwamba DEC ikiua vijiminyoo kwa mkupuo, mwili unapambana na mizoga yao: homa, kichwa, kizunguzungu, wengine mabusha kuuma. Na anayesumbuka zaidi ndiye mwenye vijiminyoo wengi zaidi, yaani yule hasa aliyehitaji dawa. Daktari anaona dawa imefanya kazi. Jirani anaona mtu aliyekuwa akilima jana, leo kajifunika shuka kwa sababu ya kidonge cha serikali. Mwaka unaofuata vidonge vingine vinaishia chini ya ulimi, kisha kwenye majani nyuma ya nyumba.

Hapo ndipo chumvi inapoingia, na wala si uvumbuzi wa Notre Dame. China ilitumia chumvi yenye DEC kwa mamilioni ya watu, na mwaka 2007 ikawa nchi ya kwanza kutambuliwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imetokomeza matende. Ujanja wenyewe ni mwepisi. Unachanganya gramu mbili hadi nne za dawa katika kilo moja ya chumvi. Haibadilishi ladha wala rangi, na moto wa jikoni hauiharibu. Mtu anakula kiasi kidogo mno kila siku, vijiminyoo vinakufa polepole, mwili hauna sababu ya kupiga kelele. Baada ya miezi sita hadi kumi na miwili kazi imekwisha. Jambo hili lilijaribiwa huko huko Léogâne, katika eneo la Miton: watu walikula chumvi hiyo kwa mwaka mmoja, na idadi ya wenye vijiminyoo kwenye damu ikashuka kwa zaidi ya asilimia 95. Bila kubisha hodi kugawa kidonge chochote.

Lakini chumvi ya Léogâne ilibeba mzigo wa pili, na mimi naona ndio uliobeba hoja nzima. Sehemu kubwa ya chumvi ya Haiti haikuwa na madini joto. Tanzania na Kenya tumeshazoea kusoma maneno hayo kwenye pakiti hadi hatuyaoni. Pasipo madini joto, tezi ya shingo huvimba ikawa rovu, na hilo angalau unaliona. Usiloliona ni ubongo. Mama mjamzito akikosa kabisa madini hayo, mtoto anaweza kuzaliwa na ulemavu wa akili. Akiyakosa kiasi, mtoto anazaliwa akiwa na viungo vyote, anacheza, anaanza shule, halafu darasani anakuwa mzito bila mtu kujua sababu, na pengine anachapwa kwa uvivu. Unaweza kumjengea darasa zuri, ukampa vitabu na mwalimu, na bado ukawa umechelewa miaka sita. Ndiyo maana tukizungumzia mpango wa chuo unaosaidia afya na elimu, kwa Haiti mambo hayo mawili yaliingia kwenye kopo moja.

Basi kikajengwa kiwanda Port-au-Prince. Chumvi ghafi ilioshwa, tena kwa maji yenye chumvi ili isiyeyuke, ikasagwa, ikakaushwa, kisha ikanyunyiziwa madini joto na DEC na kufungwa kwenye mifuko yenye jina Bon Sel, chumvi nzuri. Ilitoka nyeupe pe.

Na ikakutana na yule mama mwenye mamit.

Kuosha, kusaga na kukausha ni gharama. Chumvi ya gunia haikuoshwa, haikusagwa, na bei yake inajulikana. Mnunuzi anayehesabu senti za mkaa na mafuta ya taa haoni mnyoo wala madini joto. Anaona chumvi mbili, moja ghali na moja rahisi, zote zina ukali uleule. China ilifanikiwa kwa sababu serikali ilishika njia zote za chumvi. Haiti chumvi ilikuwa mikononi mwa wachuuzi wadogo wengi, na serikali yenyewe ilikuwa ikiyumba. Wazo lilikuwa zuri, lakini kuondoa chumvi ghafi sokoni ni kazi ya dola, chuo hakina mamlaka hayo hata kiwe na maprofesa wangapi. Kazi kubwa ya kupunguza matende Haiti iliendelea kufanywa na vidonge, pamoja na kero zake zote. Mwaka 2012 ndipo kingatiba ilipofika nchi nzima, Port-au-Prince ikiwa ya mwisho, na tangu hapo wilaya nyingi zimeshaacha kugawa kwa kuwa maambukizi yamepungua mno.

Katikati ya safari hiyo ardhi ilitikisika. Tarehe 12 Januari 2010 kitovu cha tetemeko kilikuwa karibu na Léogâne, na Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba asilimia 80 hadi 90 ya majengo ya mji huo yalibomoka au kuharibika. Waliokuwa karibu na majeruhi walikuwa wanafunzi. Mwaka 2005 kilikuwa kimefunguliwa hapo chuo cha uuguzi cha miaka minne, FSIL, kwa msaada wa wahisani na wauguzi wa Michigan. Jengo lao lilibaki limesimama, na uwanja wake ukageuka hospitali: vijana waliokuwa bado wanasomea vidonda wakavisafisha vya kweli, kabla misaada ya nje haijafika. Ushirikiano wa vyuo una sura nyingi, na huu wa kumfundisha mwenyeji kazi akabaki nyumbani kwake nauona ndio uliolipa mapema zaidi.

Huenda unajiuliza kwa nini chumvi hiyo haipo dukani kwako. Si kwamba haikujaribiwa huku. Miaka ya 1990 watafiti walilinganisha njia mbalimbali za kutumia DEC katika vijiji vya mkoa wa Tanga, na chumvi ilikuwa mojawapo. Ila sehemu za Tanzania, Congo na Uganda zina usubi, ugonjwa wa minyoo unaoweza kupofusha, na mwenye usubi akila DEC macho yake yanaweza kuumia vibaya. Haiti haina usubi. Huwezi kuweka sokoni chumvi ambayo mkoa huu ni tiba na mkoa ule ni hatari. Tanzania ikachagua ivermectin pamoja na albendazole.

Na aliyekwishavimba mguu? Kwake chumvi hairudishi kitu. Mirija ikishaharibika imeharibika. Kliniki ya Sainte Croix iliwafundisha wagonjwa jambo lisilohitaji kiwanda: beseni, maji safi, sabuni ya kawaida. Unaosha mguu kila siku, mikunjo yote, unakausha kati ya vidole kwa kitambaa laini mpaka pasibaki unyevu, usiku unaulaza juu ya mto. Kinacholeta zile homa za mtoki na kuongeza uvimbe ni bakteria wanaopenya kwenye nyufa ndogo za ngozi, na nyufa huanzia hapo hapo, katikati ya vidole.