Klogi si ngoma ya mitalawanda

Klogi ni ngoma ya watu wa milima ya Appalachia, mashariki mwa Marekani, ambamo mchezaji huigeuza sakafu kuwa ngoma: kisigino na ncha ya kiatu hugonga mbao kwa kufuata mapigo ya fidla na banjo, huku kiwiliwili kikitulia. Maana yake haina ugumu. Kinachonikera ni tafsiri ya "ngoma ya mitalawanda", ambayo nimekutana nayo mara nyingi mno.

Mfasiri hakuzua; amefuata kamusi tu. Neno la Kiingereza lililozaa jina hili, "clog", lilikuwa kwanza na maana ya gogo, kisha likawa kiatu chenye soli ya mbao, na wafanyakazi wa viwanda vya nguo wa Lancashire, Uingereza, walipocheza na viatu hivyo, ngoma ikaitwa kwa jina la kiatu. Jina likavuka bahari, kiatu kikabaki. Huko Appalachia huvaliwa kiatu cha ngozi kilichopigiliwa vibati vya chuma, na mwenye kutaka kuicheza kwa mtalawanda, msuruaki ukiwa katikati ya vidole, awaonye kwanza waliokaa mstari wa mbele. Tena jina hilo linawapa Waingereza peke yao ngoma iliyochangiwa pia na Waairishi, Waskoti na Waamerika wenye asili ya Afrika, ambao mababu zao ndio walioileta banjo.

Kosa la pili ni dogo, lakini limeenea. Wakisikia kuwa kuna klogi ya mitindo huru, wengi hudhani kila mtu anajichezea apendavyo, kama msanii anayechana bila kuandika. Lakini kikundi cha mtindo huo cha Sam Queen, mchezaji klogi wa Appalachia, kilichocheza Ikulu ya Marekani mbele ya Mfalme George wa Sita mwaka 1939, kilikwenda kwa jozi, kikifunga na kufungua duara kwa amri ya kiongozi. Miguu tu ndiyo iliyoachiwa kila mmoja agonge kwa hatua zake. Vikundi ambavyo wachezaji wote hugonga hatua moja kwa pamoja vilikuja baadaye, na ndipo ule mtindo wa zamani ulipohitaji jina la kuutofautisha.

Kwa hiyo ningemwomba mwandishi aseme "klogi" bila kutafuta kiatu, na akitaja mitindo huru, aongeze kwamba huo ni uhuru wa miguu: njia ya kupita ukumbini hupangwa na kiongozi.