Galileo hakuchomwa moto jamani
Hii stori kwamba Galileo, yule mwanasayansi wa Italia, alichomwa moto eti kwa kusema dunia inazunguka jua, wengi tumeisikia tangu shule, ila haiko hivyo. Aliyechomwa ni mwanafalsafa Giordano Bruno, Roma, mwaka 1600, tena mashtaka yake mengi yalikuwa ya imani, mfano kukana Utatu. Galileo yeye alihukumiwa na Kanisa Katoliki 1633, akapiga magoti akakana msimamo wake, kifungo kikageuzwa kuwa cha nyumbani (uonevu ni uonevu tu, sibishi), akakaa kwake Arcetri karibu na Firenze mpaka kufa 1642 akiwa na miaka 77. Na humohumo ndani, macho yanafifia, mzee akamalizia kitabu kuhusu mwendo wa vitu, kikachapishwa Leiden, Uholanzi, 1638, maana huko mkono wa Roma haukufika.