"Nachagua mtu, sichagui chama": yanayosemwa vijiweni kuhusu vyama, na sheria inavyosema

Kaa kijiwe chochote cha kahawa, Magomeni au Buguruni, wiki mbili kabla ya uchaguzi, utaisikia: "Mimi nachagua mtu, sichagui chama." Ni kauli ya mtu anayejiheshimu, asiyetaka kuburuzwa. Tatizo ni kwamba sheria zetu za Tanzania haziijui.

Siku ya uchaguzi mkuu mpiga kura wa Bara hupewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Chukua ile ya mbunge. Alama moja ya vema unayoweka pale inafanya kazi zaidi ya moja. Kwanza inaamua nani awe mbunge wa jimbo. Kisha inaingia kwenye kapu la kura za wabunge za nchi nzima, na kapu hilo ndilo hutumika kugawa viti maalumu vya wanawake kwa vyama vilivyofikisha angalau asilimia 5 ya kura zote halali. Ruzuku ya chama nayo inategemea kura na viti. Kwa hiyo kura ya aliyeshindwa haifi. Mwaka 2020 Chadema ilipata jimbo moja tu, Nkasi Kaskazini, lakini ikagawiwa viti maalumu 19. Viti hivyo vilitokana na kura za nchi nzima, zikiwemo za wagombea wake walioanguka hapa Dar es Salaam. Majina ya watakaovikalia huyaoni popote kwenye karatasi: chama ndicho hupeleka orodha Tume ya Uchaguzi, kwa mpangilio kinaoutaka chenyewe.

Hata baada ya kuapishwa, kiti kinaendelea kushikamana na chama. Ibara ya 71(1)(e) ya Katiba inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, ubunge unakoma. Wakazi wa Kinondoni wanalijua hili kwa miguu yao. Desemba 2017 Maulid Mtulia aliondoka CUF na kuacha ubunge, na Februari 2018 watu wakarudi vituoni kumchagua tena, safari hii kwa tiketi ya CCM. Ukonga ikawa hivyohivyo kwa Mwita Waitara: akaondoka Chadema Julai 2018, akarudi kwa CCM Septemba. Mtu yuleyule, jimbo lilelile, ila foleni mpya na gharama mpya. Uingereza mbunge akihama anahama na kiti chake. Churchill alitoka Conservative kwenda Liberal mwaka 1904 na ubunge wake haukuguswa.

Ibara hiyo haijamaliza ubishi, maana swali gumu ni hili: uanachama unakoma lini hasa? Wale wabunge 19 wa viti maalumu wa Chadema walivuliwa uanachama na Kamati Kuu ya chama chao Novemba 2020, mwezi uleule walioapishwa. Wakakata rufaa ndani ya chama, baadaye mgogoro ukaenda mahakamani, na muda wote huo waliendelea kukaa bungeni.

"Basi asiyependa vyama agombee binafsi." Hawezi. Ibara ya 39 kwa urais na ya 67 kwa ubunge zinataka mgombea awe mwanachama wa chama na awe amependekezwa nacho. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania hili kwa miaka mingi. Mahakama Kuu ilikubaliana naye 1994. Bunge likabadili Katiba na kufunga mlango. Akarudi, akashinda tena Mahakama Kuu 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikatengua, ikisema suala hilo ni la Bunge kuamua. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikaamua kwamba zuio hilo linavunja haki. Mtikila alifariki 2015, na zuio halikuwa limeondolewa.

Kuna wanaoamini kwamba Ulaya vyama vimetulia kama mawe ya msingi. Miaka hii ndiyo vimeyumba kweli. Emmanuel Macron aliunda chama chake Aprili 2016, na Mei 2017 alikuwa rais mteule wa Ufaransa. Wasoshalisti na Republican, waliozoea kupokezana madaraka, hawakufika hata duru ya pili. Italia, vuguvugu lililoanzishwa 2009 na mchekeshaji Beppe Grillo liliongoza vyama vyote kwa kura mwaka 2018. Chama cha Conservative cha Uingereza, kilichokuwa na wanachama zaidi ya milioni 2 miaka ya 1950, kilikuwa na takriban 172,000 mwaka 2022. Lakini ni wanachama hao wachache waliompa Liz Truss uwaziri mkuu. Wanachama wamepungua, uamuzi mzito umebaki mikononi mwao.

Kwetu, wanachama hupewa nafasi ya namna hiyo kwenye kura za maoni, yaani kura za ndani ya chama za kupendekeza wagombea, na hapo kuna kosa linalojirudia kila baada ya miaka mitano: mtu anaongoza kura za maoni, mtaa unapiga vigelegele, wapambe wanachapisha fulana, halafu jina linalorudi ni la mshindi wa pili au wa tatu. Jina lenyewe linasema: ni maoni. Uteuzi ni wa vikao vya juu vya chama, na fomu ya Tume bila chama kumdhamini mgombea ni karatasi tu.

Kuanzisha chama nako kunadhaniwa kunahitaji mamilioni ya watu. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 inataka watu 200 wenye sifa ya kuandikishwa kupiga kura kutoka kila mkoa, kwa mikoa isiyopungua 10. Hao ni 2,000. Kinachowaangusha wengi ni mgawanyo: hata ukikusanya watu 50,000 kuanzia Mbagala hadi Tegeta, umepata mkoa mmoja tu. Na kati ya mikoa hiyo 10, angalau miwili iwe ya Zanzibar, mmoja Unguja na mmoja Pemba. Unaanza na usajili wa muda, ambao una siku 180. Katika siku hizo unaruhusiwa kufanya mikutano ya kutafuta wanachama, huruhusiwi kusimamisha mgombea.

Msajili wa Vyama na Tume ya Uchaguzi ni ofisi mbili tofauti, na hati ya mmoja haifungui mlango wa mwingine. Aprili 2025 Chadema, chama chenye usajili wa kudumu, haikusaini kanuni za maadili ya uchaguzi, na Tume ikatangaza kwamba chama hicho hakitashiriki uchaguzi.

"Nina kadi ya mpiga kura, nitamchagua mwenyekiti wa mtaa." Uchaguzi wa serikali za mitaa unasimamiwa na TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, na unatumia orodha ya wakazi inayoandikwa upya mtaani. Mwaka 2024 uandikishaji ulikuwa Oktoba 11 hadi 20, kwa kura ya Novemba 27. Wapo waliodhani wameshajiandikisha kwa sababu walikuwa kwenye Daftari la Kudumu la Wapiga Kura.

Na yule mjumbe wa nyumba kumi? Enzi za chama kimoja, chama na serikali vilikuwa kitu kimoja, hivyo neno lake lilitosha kote. Tangu 1992 yeye ni balozi wa shina, yaani ngazi ya chini kabisa ya chama, kiongozi wa CCM aliyechaguliwa na wanachama wa CCM. Serikali ya mtaa ni mwenyekiti aliyechaguliwa na wakazi, pamoja na mtendaji aliyeajiriwa. Barua ya utambulisho ya kufungulia akaunti benki au kumwekea mtu dhamana hutoka kwao, yenye mhuri wa mtaa. Bado utaambiwa dirishani, "nenda kwanza kwa mjumbe wako." Sababu yake ni ya kawaida tu: mtaa una maelfu ya watu, na mjumbe ndiye anayezijua sura. Ni mazoea. Mjumbe akikukatalia, au kama hutaki kupita kwa kiongozi wa chama kisicho chako, mwombe mtendaji akuthibitishe kwa njia nyingine: nenda na mkataba wa pango na kitambulisho, na ikiwezekana mwenye nyumba aongozane nawe.