Mzani Unapogoma Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Miongoni mwa maswali ninayoulizwa nikiwa mtaalamu wa lishe katika timu inayohudumia watu waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, hakuna linalokuja na hofu nyingi kama hili: uzito ulikuwa ukishuka vizuri, sasa umesimama, je, upasuaji umeshindwa? Jibu langu huanza kwa kuuliza tarehe ya upasuaji. Uzito uliokwama katika wiki ya tatu, uliokwama katika mwezi wa nane na uliokwama baada ya mwaka mmoja na nusu ni mambo matatu yanayofanana kwenye mzani tu, na hatua inayomfaa mmoja inaweza kumdhuru mwingine. Ninachokiona kikirudiwa mno ni kuyakabili yote matatu kwa njia moja, yaani kupunguza chakula zaidi, kwa mtu ambaye tayari anakula kidogo sana.

Kukwama kwa mapema hutokea zaidi kati ya wiki ya pili na ya nne. Humshtua mgonjwa kwa sababu vidonda vyake bado ni vibichi, chakula chake ni cha majimaji au kilichosagwa, na haoni inawezekanaje mtu ale kidogo hivyo asipungue. Ukweli ni kwamba anapungua. Ini na misuli huhifadhi akiba ya sukari iitwayo glaikojeni, ambayo kwa mtu mzima hufika takriban nusu kilo, na kila gramu ya akiba hiyo hushikana na gramu 3 hivi za maji. Katika siku za kwanza mwili huitumia akiba hiyo na kuyaachia maji yake, ndiyo maana kilo za mwanzo huondoka kwa kasi. Baadaye, chakula kinapoanza kuongezeka kidogo kidogo, sehemu ya akiba hurudishwa pamoja na maji yake, na uzito wa maji hayo huficha mafuta yanayoendelea kupungua. Hapo sibadilishi chochote. Namwomba mgonjwa anywe maji kwa mafundo madogo madogo mpaka afikie angalau lita moja na nusu kwa siku, atimize protini yake, na aache kupanda mzani kila asubuhi.

Kuhusu mzani wenyewe, napendekeza kupima mara moja kwa wiki, siku ileile na saa ileile, kabla ya kula na baada ya kwenda haja. Chumvi ya jana, siku za hedhi, au choo kigumu kinacholetwa na maji machache na vidonge vya madini ya chuma vinaweza kusogeza namba kwa kilo moja au mbili bila gramu moja ya mafuta kuongezeka. Utepe wa kupimia kiuno husema ukweli ambao mzani hauusemi. Mimi siuhesabu uzito kuwa umekwama mpaka namba ya mzani na kipimo cha kiuno vyote viwe vimesimama kwa majuma manne mfululizo.

Vikisimama hivyo kati ya mwezi wa tano na wa kumi, hapo tunayo kazi. Kanuni ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990, ambayo wataalamu wa lishe wengi huitumia kukadiria nguvu anayoitumia mtu akiwa amepumzika, inahesabu takriban kalori 10 kwa siku kwa kila kilo ya mwili. Kwa hiyo aliyepungua kilo 40 anatumia kiasi cha kalori 400 pungufu kila siku hata akiwa amelala, na bado hatujahesabu kwamba kila hatua anayotembea sasa inambebesha mwili mwepesi zaidi. Gari lililoshushwa mzigo halinywi mafuta kama lilivyokuwa likinywa. Juu ya hayo, mwili una ubahili wake: mwaka 1995 Leibel, Rosenbaum na Hirsch wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walionyesha kwamba watu waliopunguza asilimia 10 ya uzito hutumia nguvu pungufu kuliko ambavyo ukubwa wao mpya ungetarajiwa kutumia. Upasuaji hupunguza makali ya mwitikio huo kwa njia ya homoni, lakini hauufuti.

Maana yake ni kwamba mlo uliompunguza mtu katika mwezi wa tatu unaweza kuwa mlo wa kumshikilia palepale katika mwezi wa tisa, bila yeye kuwa amekosea popote. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu wengi wanafika kwangu wakiwa wameinamisha kichwa, wakidhani ninawasubiri niwakaripie.

Hatua yangu ya kwanza ni daftari la chakula la siku saba, linaloandikwa palepale mtu anapokula, kwa sababu kumbukumbu ya jioni husahau. Tuuchukue ukurasa mmoja wa aina ninayoiona mara kwa mara. Milo mitatu imepangwa vizuri: mayai asubuhi, samaki na mboga mchana, kuku jioni, vyote kwa kiasi kidogo. Kati ya milo hiyo kuna kiganja cha karanga, gramu 30 hivi, ambazo ni kalori 170. Kuna glasi ya juisi ya mililita 250, kalori 110. Na mboga za jioni zimeongezewa kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia, kalori 120. Hakuna hata kimoja kinachostahili kuitwa ulafi, lakini kwa jumla ni kalori 400, sawasawa na kile ambacho mwili mwepesi umeacha kukitumia. Tumbo dogo huzuia sahani kubwa. Vinywaji vitamu, pamoja na biskuti na vitu vingine vinavyolainika mdomoni, hupita bila kumpa mtu shibe, na kudonoa kidogo kidogo mchana kutwa hakulijazi tumbo wakati wowote. Pombe ina kalori zake pia, na baada ya baipasi ya tumbo, yaani upasuaji unaobakiza kifuko kidogo cha tumbo na kukiunganisha na utumbo mdogo, huingia kwenye damu kwa kasi na kwa wingi kuliko zamani, kiasi kwamba hatari ya kuwa mraibu huongezeka, hasa kuanzia mwaka wa pili. Mgonjwa asipoligusia jambo hilo, mimi huliuliza.

Marekebisho ninayoyaandika baada ya kusoma daftari ni madogo. Protini inaliwa kwanza, kabla ya mboga na kabla ya wanga, mpaka ifike gramu 60 hadi 80 kwa siku, na kwa baadhi ya watu zaidi ya hapo. Yai moja lina gramu 6 hivi na kikombe cha maziwa kina gramu 8, kwa hiyo lengo hilo halifikiwi kwa bahati. Linapangwa tangu asubuhi. Maji hayanywewi pamoja na chakula, bali nusu saa baadaye, ili chakula kisisukumwe nje ya tumbo mapema na shibe ikaisha. Milo inarudi kuwa na saa zake, na kati ya mlo na mlo mdomo unapumzika.

Misuli inastahili uangalifu wa pekee. Mtu anayepungua haraka hapotezi mafuta peke yake, hupoteza pia misuli, na misuli ni sehemu ya mwili inayotumia nguvu hata wakati wa mapumziko. Kutembea kunafaa sana, na dakika 150 hadi 300 kwa wiki ni lengo zuri, lakini kutembea peke yake hakuilindi misuli inavyotakiwa. Baada ya daktari mpasuaji kuruhusu kunyanyua vitu vizito, naomba mazoezi ya nguvu mara mbili au tatu kwa wiki: kuinuka kwenye kiti na kukaa tena bila kushika popote, kusukuma ukuta, kuvuta mpira wa mazoezi, kisha vyuma kwa anayeweza. Katika majuma ya kwanza ya mazoezi hayo mzani unaweza hata kupanda kidogo kwa sababu misuli inayojirekebisha hushika maji, na ni afadhali mtu aambiwe mapema kuliko akate tamaa.

Kuna ushauri unaozunguka miongoni mwa waliofanyiwa upasuaji kwamba uzito ukikwama mtu arudi kwenye vimiminika kwa siku kadhaa ili tumbo linywee tena. Nauona kuwa ushauri mbaya. Vimiminika kwa siku tano haviurudishi ukubwa wa tumbo ulivyokuwa baada ya upasuaji. Vinaondoa maji na glaikojeni, vinapunguza misuli, na kilo hizo hurudi mtu anapokula tena. Tumbo kupokea chakula kingi zaidi katika mwezi wa tisa kuliko katika mwezi wa kwanza ni jambo la kawaida, kwa sababu uvimbe wa upasuaji umeisha na mfuko umelegea kwa kiasi kilichotarajiwa. Mlo mmoja uliozidi haulitanui.

Wakati mwingine daftari ni safi, mazoezi yapo, na bado uzito haushuki. Hapo ninamrudisha mgonjwa kwa daktari ili dawa zake zipitiwe, kwa maana insulini na glibenklamidi za kisukari, prednisoloni ya kutuliza uvimbe, amitriptilini ya sonona, olanzapini ya magonjwa ya akili, valproeti ya kifafa na propranololi ya shinikizo la damu zote zinaweza kuongeza uzito au kuuzuia kushuka. Dozi ya dawa za kisukari hasa huhitaji kupunguzwa kadiri mtu anavyopungua. Anayeshushwa sukari kupita kiasi hulazimika kula ili aipandishe. Dawa hizo asiziache mtu kwa uamuzi wake mwenyewe. Tezi ya thairoidi nayo hupimwa kwa damu, na usingizi mbovu huulizwa.

Kukwama kwa aina ya tatu ni kule kwa baada ya mwaka mmoja hadi miwili, na jina la kukwama halikustahili, kwa kuwa huko ndiko mwili ulikokuwa ukielekea. Kwa wastani, upasuaji wa slivu, unaoondoa takriban asilimia 80 ya tumbo na kuacha mfuko mwembamba, hupunguza kama robo ya uzito wote wa mwanzo, na baipasi hupunguza zaidi kidogo. Aliyeanza na kilo 140 akatulia kwenye 105 amepata matokeo ya upasuaji uliofaulu, hata kama moyoni alikuwa amejiwekea 70. Uchunguzi mkubwa wa Uswidi ulioanza mwaka 1987 ulionyesha kwamba waliofanyiwa baipasi walifikia upungufu wa asilimia 32 katika mwaka wa kwanza au wa pili, na baada ya miaka 10 walikuwa kwenye asilimia 25. Kwa hiyo kilo chache kurudi baada ya kufika chini kabisa ni sehemu ya safari ya wengi. Katika kipindi hiki njaa, iliyokuwa imenyamaza, hurudi kwa kiasi fulani.

Kilo zinazorudi zikiongezeka mwezi hadi mwezi, au mtu akiwa amepungua kidogo mno tangu mwanzo, zipo dawa za kupunguza hamu ya kula kama liraglutaidi na semaglutaidi ambazo daktari anaweza kuziongeza juu ya upasuaji, na wakati mwingine upasuaji wa marekebisho hujadiliwa. Unene uliokithiri ni ugonjwa sugu, na hakuna anayemlaumu mgonjwa wa shinikizo la damu kwa kuongezewa kidonge cha pili.

Dalili chache hazingoji daftari la siku saba. Njaa iliyorudi ghafla kwa nguvu, maumivu ya tumbo, kiungulia kikali kipya au chakula kinachokwama huhitaji tumbo lichunguzwe kwa kamera au picha. Anayetapika kila siku kwa zaidi ya siku chache anaweza kuishiwa vitamini B1, na upungufu huo huudhuru ubongo upesi. Akianza kuona vitu viwiliviwili, kuyumba anapotembea au kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na anayempeleka awaambie wahudumu kwamba mgonjwa alifanyiwa upasuaji wa tumbo, ili apewe vitamini hiyo kwa sindano kabla hajawekewa dripu ya sukari.